Je, Wajua? Rwizi Hadi Jinja, Ruzizi Hadi Matadi

Jamaa aliyepata safari ya nchi ya tatu huwa haanzi kwa kutuma picha ya nyumba yake mpya. Anatuma picha ya daraja: amesimama ukingoni, koti limejaa upepo, na nyuma yake kamba za chuma zinapanda hadi mawinguni. Huku Nakivale picha inazungushwa simu hadi simu, na kila mtu anauliza lake. Linashikiliwa na nini? Halianguki? Kuvuka ni bei gani?

Safu ya leo ni ya yule aliyebaki akiitazama picha hiyo. Huhitaji pasipoti. Nauli ya Jinja inatosha, na mahali pengine itatosha kamba ya kuanikia nguo.

ANZIA NYUMBANI

1. Je, wajua kwamba makazi ya wakimbizi ya Nakivale ni makongwe kuliko uhuru wa Uganda? Yalianza mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi 1960. Bendera ya Uganda ilipandishwa Oktoba 1962.

2. Je, wajua kwamba Mbarara na Nakivale zinanywa mfumo mmoja wa maji? Mto Rwizi unapita katikati ya Mbarara, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, kisha unalisha ardhioevu na maziwa ya Mburo, Nakivale, Kachera na Kijanebalola. Tangu 2006 eneo la Mburo na Nakivale limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

3. Je, wajua kwamba sokoni Nakivale unaweza kulitaja daraja kwa majina manne kabla muuzaji hajakurudishia chenji? Mnyankole ataliita *orutindo*. Mnyarwanda na Mrundi wataliita *ikiraro*, Msomali *buundo*, Mwethiopia asemaye Kiamhari *dildiy*. Asiyejua hata moja kati ya hayo atasema *daraja*, na wote watamwelewa.

4. Na hilo neno daraja? Limetoka Kiarabu, ambako maana yake ni ngazi au kipandio. Ndiyo maana mwanafunzi hupata daraja la kwanza bila kuvuka mto wowote. Waswahili wana pia *ulalo*: gogo lililolazwa juu ya kijito ili watu wapite. Hapo ndipo uhandisi wote wa madaraja ulipoanzia.

5. Je, wajua kwamba mkimbizi nchini Uganda ana haki ya kutembea nchini? Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa uhuru huo, kwa masharti ya kawaida ya sheria. Kwa hiyo kwenda kutazama daraja Jinja si jambo la kuombea huruma. Weka kitambulisho chako mfukoni, panda gari.

KAMBA YA NGUO NA HEMA

6. Unataka kulielewa daraja la kuning'inia? Toka uani. Kamba ya nguo imefungwa miti miwili, na katikati imelegea kidogo kwa uzito wa mashuka. Miti ndiyo minara ya daraja. Kamba ndiyo kebo kuu. Vibanio ni zile nyaya nyembamba zinazoshuka wima. Mashuka ndiyo barabara. Basi, umemaliza somo.

7. Sasa geukia hema, au kibanda cha turubai, ile ambayo wengi huita shitingi. Kamba zake hazining'inii. Kila moja imevutwa mshazari, kutoka kichwani mwa nguzo moja kwa moja hadi pale inaposhika. Lipo daraja la aina hiyo pia: nyaya zinatoka mnarani hadi barabarani bila kupitia kebo kuu. Wahandisi hulitenga kabisa na la kuning'inia, ingawa watalii huyachanganya kila siku.

8. Kwa hiyo ukikutana na daraja la nyaya, uliza swali moja tu: kamba ya nguo, au hema? Kamba ikipinda kama tabasamu kutoka mnara hadi mnara, hiyo ni kamba ya nguo. Nyaya zikinyooka na kutawanyika kama mbavu za mwavuli, hilo ni hema.

9. Je, wajua kwamba kamba yenye nguo hainyooki kabisa, hata uivute kwa ng'ombe wa Ankole? Kadiri unavyoikaza ndivyo nguvu ndani yake inavyoongezeka, na ili inyooke kama rula ingehitaji nguvu isiyo na mwisho. Itakatika kabla. Mhandisi anajua hivyo, naye huiachia kamba yake ilegee kwa makusudi. Katika daraja la Golden Gate la San Francisco kebo kuu inashuka mita 143 kwa uwazi (umbali kati ya minara) wa mita 1,280, yaani karibu moja ya tisa.

10. Na uzito wote unaishia wapi? Si mnarani peke yake. Kebo kuu inapita juu ya mnara, inateremka upande wa pili na kufungwa kwenye bonge la zege lililozikwa ardhini. Ni kigingi, ila kigingi chenye uzito wa maelfu ya tani. Kiking'oka, daraja limekwisha, kama vile hema linavyolala kigingi kikitoka usiku wa mvua.

JINJA: HEMA LINALOITWA KAMBA

11. Je, wajua kwamba daraja mashuhuri zaidi la Uganda, lile la Chanzo cha Nile pale Jinja, lilifunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018? Lina urefu wa mita 525, na sehemu ya katikati kati ya minara miwili ni mita 290. Linaunganisha Njeru upande wa magharibi na Jinja upande wa mashariki.

12. Na je, wajua kwamba wengi huliita daraja la kuning'inia na wote wamekosea? Litazame vizuri: nyaya zimenyooka, zimetawanyika kutoka mnarani. Ni hema. Lilikuwa la kwanza la aina hiyo nchini Uganda.

13. Jiwe la msingi liliwekwa Januari 2014. Sehemu kubwa ya fedha ilikuwa mkopo wa Japani kupitia shirika la JICA, na kazi ikafanywa na kampuni mbili kwa ubia: Zenitaka ya Japani na Hyundai ya Korea Kusini.

14. Kabla yake magari yalivukia wapi? Juu ya bwawa la umeme. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilizinduliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwezi Aprili 1954. Kwa zaidi ya miaka 60 barabara iliyokuwa mgongoni mwake ilibeba malori ya Mombasa yaendayo Kampala, Kigali, Bujumbura na Kongo. Bati lililoezeka nyumba Mbarara, kama lilitoka bandari ya Mombasa kwa njia hiyo, lilipita juu ya Nile hapo Jinja.

15. Treni iliwatangulia wenye magari. Reli ilivuka Nile pale Jinja na kufika Kampala mwaka 1931.

16. Je, wajua kwamba maporomoko aliyoyaona John Hanning Speke mwaka 1862, na kuyaita Ripon, hayapo tena? Bwawa la 1954 lilipandisha maji, miamba ikazama. Leo unaonyeshwa mahali palipokuwa maporomoko.

17. Je, wajua kwamba safari ya Mbarara hadi Jinja inakutoa nusu moja ya dunia na kukuingiza nyingine? Mbarara iko kusini mwa ikweta, Jinja iko kaskazini. Mstari unauvukia Kayabwe, kati ya Masaka na Kampala, penye zile duara mbili nyeupe ambazo kila abiria hutaka kupigwa picha ndani yake. Kutoka Mbarara hadi Kampala ni kama kilomita 270, na kutoka Kampala hadi Jinja ni kama 80. Ukifika Lukaya na wauzaji wakakimbilia dirishani na kuku wa mishikaki na gonja ya kuchoma, usijifanye umeshiba.

18. Katika barabara hiyo hiyo kuna daraja ambalo hakuna aliyelipiga picha hadi lilipokatika. Mei 2023 mto Katonga ulifurika na kuikata barabara kuu ya Kampala na Masaka. Mabasi ya Mbarara yakazungukia Sembabule. Siku zile kila abiria wa magharibi aliujua mto Katonga kwa jina.

19. Tahadhari ya mtembezi: bwawa la Nalubaale linalindwa na askari, na kulipiga picha ni marufuku. Ukiwa karibu na bwawa au daraja, muulize askari kwanza: "Afande, hapa picha inaruhusiwa?" Jibu lake ni rahisi kuliko kuelezea simu yako baadaye.

AFRIKA INAYONING'INIA

20. Sasa, kamba ya nguo halisi iko wapi? Iko Kongo. Daraja la Matadi, juu ya mto Kongo, lilifunguliwa mwaka 1983. Lina urefu wa mita 722, na uwazi wa katikati ni mita 520. Lilijengwa na Wajapani, na wakati wa Mobutu liliitwa Daraja la Marshali.

21. Je, wajua kwamba daraja la Matadi lina nafasi ya treni ambayo haijawahi kupita? Lilisanifiwa libebe magari na reli ya kwenda Banana, kwenye mlango wa mto. Reli hiyo haikujengwa.

22. Kwa miaka 35 hakukuwa na daraja la kuning'inia barani Afrika lenye uwazi mrefu kuliko la Matadi. Taji lilichukuliwa na daraja la Maputo na Katembe nchini Msumbiji, lenye uwazi wa mita 680. Lilifunguliwa tarehe 10 Novemba 2018, siku 24 tu baada ya Jinja.

23. Mkongwe mmoja yuko Chirundu, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Daraja la Otto Beit lilivushwa juu ya Zambezi mwaka 1939, kwa uwazi wa karibu mita 320.

24. Namba ya kukumbuka: 680. Daraja la Nyerere la Kigamboni, Dar es Salaam, lililofunguliwa Aprili 2016, lina urefu wa mita 680 kutoka mwanzo hadi mwisho. Kule Maputo, mita 680 ni ule mruko mmoja tu wa katikati. Na Kigamboni? Ni ukoo wa hema.

25. Wasafiri wa Mwanza na Sengerema walisubiri kivuko kwa miaka mingi kwenye ghuba ya Ziwa Victoria. Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lililopewa jina la J. P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3. Nalo lina nyaya za mshazari juu ya minara mifupi.

26. Unataka daraja linalotikisika chini ya nyayo zako? Nenda msitu wa Nyungwe, kusini magharibi mwa Rwanda. Tangu 2010 kuna njia ya kutembea kwa miguu iliyoning'inizwa juu ya miti, yenye urefu wa mita 160 hivi, zaidi ya mita 50 kutoka chini. Waongozaji watakuambia utazame mbele. Utatazama chini.

27. Je, wajua kwamba madaraja mengi ya kuning'inia ya kanda yetu hayana mtalii hata mmoja? Ni ya miguu, vijijini, hasa Rwanda: nyaya za chuma, mbao, na watu wanaokwenda shule, sokoni na zahanati. Shirika la Bridges to Prosperity, lililojenga mengi ya hayo, lilizaliwa mwaka 2001 kwa sababu ya picha moja jaridani. Mmarekani aliona watu wa Ethiopia wakivutwa kwa kamba juu ya pengo la daraja lililovunjika kwenye Nile ya Buluu. Daraja hilo Waethiopia huliita *Sebara Dildiy*, yaani daraja lililovunjika.

LILE LA KWENYE PICHA

28. Je, wajua kwamba Golden Gate la San Francisco halina uhusiano na rangi ya dhahabu? Golden Gate, yaani Lango la Dhahabu, ni jina la mlango bahari ulio chini yake. Ulipewa jina hilo mwaka 1846, kabla dhahabu ya California haijagunduliwa. Daraja likaja 1937 na kurithi jina.

29. Rangi yake ni ya chungwa lililokolea. Jeshi la wanamaji la Marekani lilitaka mistari ya njano na nyeusi ili meli zilione. Msanifu Irving Morrow akashikilia rangi ile iliyofanana na rangi ya awali ya kuzuia kutu. Fikiria picha ya jamaa yako mbele ya daraja lenye rangi za nyigu.

30. Kebo mbili kuu za Golden Gate zina nyaya zenye jumla ya kilomita 129,000 hivi. Ukiziunganisha, zinaizunguka dunia mara tatu na zinabaki. Kila kebo ni fungu la nyaya 27,572, nyembamba kidogo kuliko penseli. Ni siri ileile ya msusi wa kamba za katani: uzi mmoja haubebi kitu, mafungu yanabeba.

31. Wakati wa ujenzi wavu ulitandazwa chini ya mafundi. Watu 19 walioanguka waliokolewa nao, wakajiita kwa mzaha chama cha waliofika nusu ya njia ya kwenda jehanamu. Hata hivyo 11 walikufa, 10 kati yao siku moja ya Februari 1937, jukwaa lao lilipoanguka na kuuchana wavu.

32. Kutembea juu yake kwa miguu ni bure. Wanaolipa ni wenye magari, tena upande mmoja tu: wanaoingia San Francisco. Wanaotoka hawadaiwi.

33. Mwaka 1987 daraja lilipotimiza miaka 50, watu walioruhusiwa kuvuka kwa miguu walijaa hadi idadi ikakadiriwa kuwa laki tatu. Mgongo wa daraja, ambao kawaida umeinuka kidogo katikati, ukanyooka kwa uzito. Msongamano wa watu ni mzito kuliko foleni ya magari. Halikuvunjika: kamba ya nguo iliyolegea ina nafasi ya kushuka.

34. Je, wajua kwamba minara ya daraja la Verrazzano-Narrows mjini New York imeachana zaidi juu kuliko chini kwa karibu sentimita 4? Fundi hakupinda. Kila mnara umesimama wima kabisa, ila dunia ni mviringo, na wima wa huku si wima wa kule.

35. Daraja la Brooklyn, New York, 1883. Msanifu John Roebling aliumia mguu kabla ya ujenzi kuanza, akafa kwa pepopunda. Mwanawe Washington akapooza kwa ugonjwa wa wafanyao kazi ndani ya hewa iliyoshindiliwa chini ya mto. Aliyebeba maagizo kila siku kati ya kitanda na mafundi, huku akijifunza hesabu za kebo, alikuwa mke wake, Emily. Ndiye aliyevuka wa kwanza kwa gari la farasi.

36. Siku sita tu baada ya ufunguzi huo, uvumi kwamba daraja linaanguka ulizua mkanyagano, watu 12 wakafa. Mwaka uliofuata mwenye sarakasi P. T. Barnum akawapitisha tembo 21 juu yake. Baada ya hapo wenye wasiwasi wakanyamaza.

37. Refu kuliko yote kwa uwazi leo liko Uturuki: daraja la Çanakkale 1915, lililofunguliwa 2022. Uwazi wake ni mita 2,023. Namba hiyo ilichaguliwa, kwa kuwa mwaka 2023 Jamhuri ya Uturuki ilitimiza miaka 100.

38. Na la nyasi? Lipo Peru. Daraja la Q'eswachaka linasukwa kwa nyasi na vijiji vya jirani, likiwa na urefu wa karibu mita 30, na kila mwaka mwezi Juni la zamani hukatwa, jipya likasukwa kwa siku chache. Hata wakimbizi wa miaka mingi, waliobadilisha nyasi za paa kila baada ya misimu kadhaa, wangewaelewa watu hao.

YALIYOANGUKA

39. Je, wajua kwa nini askari hawapigi kwata darajani? Mwaka 1831, Broughton karibu na Manchester, askari 74 walivuka daraja la kuning'inia kwa hatua moja. Likaanza kuruka kwa mdundo wao. Wakafurahi, wakakanyaga zaidi, likaanguka. Hakuna aliyekufa, na tangu hapo amri ikawa: mkifika darajani, vunjeni hatua.

40. Angers, Ufaransa, 1850: daraja la kuning'inia lilivunjika chini ya kikosi cha askari wakati wa dhoruba. Zaidi ya 200 walikufa.

41. Tacoma Narrows, Marekani, 1940. Lilifunguliwa Julai, na kabla halijamaliza miezi mitano upepo wa kama kilomita 64 kwa saa ulilipinda kama mkeka unaokung'utwa, hadi likakatika. Upepo huo haukuwa wa kutisha. Kosa lilikuwa barabara nyembamba na nyepesi mno, yenye pande bapa zilizoushika upepo. Hakuna mtu aliyekufa, isipokuwa mbwa mmoja aliyeachwa garini. Wahandisi wa leo hujaribu kila daraja refu kwenye handaki la upepo kabla ya kumwaga zege.

RWIZI NA RUZIZI

42. Sasa rudi Nakivale, na uchukue ramani. Je, wajua kwamba maji ya Mrundi yanapita chini ya daraja la Jinja? Kijito cha juu kabisa kiko Rutovu, kusini mwa Burundi, ambako piramidi ndogo ilijengwa mwaka 1938 kutia alama ya chanzo cha kusini cha Nile. Maji yake huingia Ruvubu, Ruvubu huingia Kagera, Kagera huingia Ziwa Victoria, na mlango wa ziwa ni Jinja.

43. Kagera hiyo hiyo ndiyo inayopita Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya muda wa kama saa 24, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la hapo wakikimbia. Wapo wasomaji wa safu hii ambao, ukiwatajia daraja, hawafikirii Golden Gate. Maji waliyoyavuka siku ile yalikuwa njiani kwenda Jinja.

44. Na mto wa Mbarara? Rwizi, ukishatoka kwenye maziwa yake, hutiririka kuelekea Ziwa Victoria. Sehemu kubwa hunywewa na jua na matete. Matone yanayosalimika huungana na ya Burundi na Rwanda, yakapita chini ya zile nyaya za mshazari. Kabla hujapata nauli, yameshafika.

45. Ongeza herufi moja na ubadili nyingine, Rwizi inakuwa Ruzizi, na ulimwengu mzima unabadilika. Ruzizi hutoka Ziwa Kivu pale Bukavu, hushuka hadi Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina mlango mmoja tu, mto Lukuga pale Kalemie, uendao kuungana na Lualaba, na Lualaba ndiyo inayokuwa mto Kongo. Njia nzima, kutoka Bukavu hadi bahari ya Atlantiki, inapita chini ya kamba ya Matadi. Mtu wa Bukavu anayeishi Nakivale ana daraja lake la kweli la kuning'inia, na maji ya nyumbani kwake yako chini yake.

46. Mtu wa Rutshuru je? Yeye ni mwana wa Nile: mto Rutshuru huingia Ziwa Edward, kisha Semliki, kisha Ziwa Albert. Hapiti Jinja, lakini anaukuta mto huo mbele, kabla ya Pakwach.

47. Mwethiopia? Maji yaliyo chini ya *Sebara Dildiy* hukutana na ya Jinja pale Khartoum. Msomali ndiye mwenye njia yake peke yake: Juba na Shabelle huanzia milima ya Ethiopia na kuelekea Bahari ya Hindi, ingawa Shabelle mara nyingi huishia mchangani kabla ya kufika.

JIPIME

a) Daraja la Jinja ni kamba ya nguo au hema?

b) Mita 680: Kigamboni na Maputo zinatofautianaje?

c) Kwa nini minara ya Verrazzano-Narrows imeachana zaidi juu?

d) Treni ya kwanza ilipita lini daraja la Matadi?

e) Maji ya nyumbani kwenu hupita chini ya daraja gani?

*Majibu.* a) Hema. b) Kigamboni ni urefu wa daraja zima, Maputo ni uwazi wa katikati peke yake. c) Dunia ni mviringo. d) Haijapita. e) Hilo hatuwezi kukujibia. Chukua kalamu, anzia kwenye kijito ulichochotea maji utotoni, na ufuate ramani kuelekea chini. Ukimaliza, mtumie jamaa aliyeko San Francisco picha ya ramani hiyo, naye aone daraja lake na lako.